Aya Iliyofutwa: Miaka Yangu na Barua Pepe za Maandishi Matupu

Barua ya kwanza ya Baba niliyoifungua ndani ya programu ya kusoma barua pepe kwa maandishi matupu ilisema amenunua "ngâ€™ombe".

Ilikuwa Aprili 2014, Kahawa West, Nairobi, mvua ya masika ikipiga mabati ya ploti yetu kiasi kwamba nisingesikia simu ikilia. Nilijua Baba alikusudia nini. Mtu aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini, akastaafu ili afuge, haandiki kuhusu mnyama mwingine. Hata hivyo neno lile lilinisumbua. Mimi ni mtafsiri. Kazi yangu ni kuhakikisha neno linafika lilivyotumwa, na hapa neno la baba yangu mwenyewe lilikuwa limefika na majeraha katikati.

Leo naweza kueleza kilichotokea. Baba alikuwa akienda cyber mjini Kakamega na barua yake aliyoiandika kwa kalamu. Kijana wa pale aliichapa kwanza katika programu ya kuandikia hati, kisha akainakili na kuituma. Programu hizo zina tabia ya kubadilisha ritifaa, ile alama ya juu katikati ya ng'ombe, kutoka iliyonyooka kuwa iliyopinda. Ritifaa iliyopinda, katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, huhifadhiwa kwa baiti tatu, na programu ya kusoma ikidhani kila baiti ni herufi inayojitegemea, ritifaa moja hugeuka alama tatu. Anayeandika Kiingereza hapotezi mengi hapo. Sisi ritifaa inatubebea maana: kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa ni wivu. Majirani zangu Wagĩkũyũ walikuwa na hasara kubwa zaidi, maana majina yao yana ĩ na ũ, na kwenye skrini yangu herufi hizo ziligeuka alama za kuuliza. Nilimwandikia mteja wangu mmoja kwa miezi mitatu bila kujua jina lake linaandikwaje hasa, kwa sababu kila alipojitia sahihi mimi niliona "?" mahali pa irabu.

Dawa ilikuwa mstari mmoja tu wa kuiambia kompyuta itumie UTF-8 kila mahali, kuanzia dirisha lenyewe hadi seva, ile kompyuta ya mbali niliyokuwa nikiingia. Mstari huo niliupata baada ya miezi mitatu.

Nilifikaje huko? Mwaka 2013 nilinunua kipakatalishi cha mtumba Luthuli Avenue kwa shilingi 9,000. Kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti moja. Nikifungua barua pepe kwa kivinjari, ningeweza kuweka maji ya chai jikoni, yakachemka, nikarudi na ukurasa bado haujatulia. Kila kitufe nilichobonyeza kilikuwa kama ombi lililopelekwa ofisini likisubiri muhuri. Data nayo ilikuwa inaisha kabla sijasoma barua ya tatu.

Wakati huo nilikuwa na kazi ya muda katika ofisi moja ya mjini, na pale palikuwa na Mzee aliyesimamia seva. Sote tulimwita hivyo tu, Mzee. Siku moja alisimama nyuma yangu akitazama gurudumu likizunguka kwenye skrini.

"Kijana, unasubiri barua au unasubiri mapambo ya barua?"

"Barua, Mzee."

"Basi njoo hapa."

Akanifungulia akaunti kwenye seva, akanionyesha dirisha jeusi lenye herufi nyeupe, akaandika neno moja: alpine. Barua zangu zote zilikuwa zimejipanga pale, mstari kwa mstari, kabla hajaondoa mkono kwenye kibodi. Chini ya skrini palikuwa na vitufe na kazi zake, ili mtu asilazimike kukariri. Mzee alinieleza kwamba mzazi wa programu hiyo, Pine, alianza kuandikwa mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kwa ajili ya watu wasio na uzoefu wa kompyuta, na kwamba Alpine ilifuata mwaka 2007. Yeye aliitumia Pine tangu miaka ya tisini, siku za modemu ya simu, kila dakika ikilipiwa, zamani kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009. "Tulijifunza kuandika kabla ya kupiga simu," aliniambia. Maana yake walitunga barua zote nje ya mtandao, kisha wakapiga, wakatuma, wakakata.

Kwa hiyo programu yenyewe haikunishinda. Watu husema dirisha jeusi linatisha, na mimi sikuona hivyo. Alasiri moja ilinitosha kujua kusoma, kujibu, kuhifadhi na kufuta. Taabu ilitoka kwingine.

Ya kwanza ilitoka mikononi mwangu. Nilikuwa nikiandika tafsiri zangu kwa nano, programu ndogo ya kuandikia iliyoigwa kutoka kwenye sehemu ya Pine ya kutungia barua. Sura zao zinafanana kama pacha. Ndani ya nano, Ctrl na X maana yake ni kutoka: inakuuliza kama uhifadhi, unajibu Y, unakubali jina la faili, mambo yamekwisha. Ndani ya Alpine, Ctrl na X maana yake ni kutuma: inakuuliza kama utume, unajibu Y, barua imekwenda. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea mfuatano huo mara mia kwa siku. Jioni moja nilikuwa nikimwandikia mteja kuhusu malipo, nikataka kutoka kidogo nikahesabu kurasa. Ctrl, X, Y. Barua ikaondoka ikiwa imeishia kwenye maneno "malipo yangu kwa kazi hii ni shilingi". Asubuhi wakanijibu kwa kuweka kiwango wao wenyewe, na kilikuwa chini kabisa ya nilichokusudia. Nilikuwa na kodi ya kulipa. Nikafanya kazi ya wiki mbili kwa bei yao.

Tangu siku hiyo nina desturi ambayo sijaivunja. Nikijibu barua, kitu cha kwanza ninachofanya ni kufuta anwani ya mpokeaji. Naandika, nasoma tena kwa sauti, naambatisha kinachohitaji kuambatishwa, na anwani hurudi mwisho kabisa. Programu haiwezi kutuma barua isiyo na mpokeaji. Kama hutumii dirisha jeusi, desturi hii itakufaa vilevile.

Mtandao kukatika kulinitesa mwaka mzima. Nilikuwa nikiingia kwenye seva ya Mzee kwa data ya simu, na data ya simu huku kwetu hupotea wingu likipita. Alpine ina hisani moja ambayo sijaiona kwingine ikifanywa kwa upole hivyo: ukikatika katikati ya barua, ukirudi na kuanza barua mpya, inakuuliza kama ungependa kuendelea na ile iliyokatizwa, na inakuhakikishia kwamba ukikataa haitaifuta. Mara ya kwanza nilipoona swali hilo nilikuwa nimeshakata tamaa na barua ya kurasa mbili. Baadaye nilijifunza tmux, inayoweka dirisha lako hai kwenye seva hata ukitoweka wewe, na shida hiyo nikaisahau.

Kuhusu data, hapa ndipo nilipofunguka macho. Kiambatisho hakisafiri kilivyo. Hubadilishwa kuwa herufi za kawaida, kila baiti tatu zikawa herufi nne, kwa hiyo faili ya megabaiti 6 hugharimu megabaiti 8 na ushei. Lakini IMAP, itifaki ya kuchukulia barua kwenye seva aliyoibuni Mark Crispin mwaka 1986, inaruhusu programu kuuliza kwanza barua ina sehemu zipi, kisha kuchukua sehemu moja tu. Crispin baadaye alifanya kazi kwenye chuo kilekile kilichoandika Pine, na Alpine inaitumia nafasi hiyo vizuri: unasoma maneno, picha na hati zinabaki kwenye seva mpaka uzitake. Nilipoelewa hilo, matumizi yangu ya data ya wiki nzima yakatosha kuwa ya mwezi.

Mzee alistaafu mwaka 2018 na seva yake ikazimwa. Nikahamia Mutt, programu aliyoianzisha Michael Elkins mwaka 1995. Kaulimbiu yake inasema programu zote za barua ni mbovu, na hii ina ubovu pungufu. Naipenda kauli hiyo kwa ukweli wake. Mutt ilinipa uwezo wa kutafuta na kupanga ambao Alpine hainao, lakini iliniondolea hisani ya kuchukua sehemu moja moja. Ukifungua barua, inaishusha yote, na mabango yake na hati zake. Wiki ya kwanza mhariri mmoja alinitumia picha kumi na mbili za jalada, nikalala bila data.

Njia niliyoipata, na ninayoitumia mpaka leo, ni kutomruhusu Mutt aguse mtandao kabisa. Programu nyingine, mbsync, hushusha barua zangu kwenye diski, na nimeiwekea kikomo: barua inayozidi kilobaiti 200 isishushwe nzima, ije kivuli chake tu. Naona imetoka kwa nani na inahusu nini. Nikiitaka, naitia alama, na safari inayofuata inakuja kamili. Kutuma nako kumekabidhiwa programu ya tatu, msmtp, yenye foleni: barua zikiandikwa bila mtandao husubiri kwenye folda mpaka mtandao urudi. Ni ule utaratibu wa Mzee wa miaka ya tisini, kuandika kwanza na kupiga simu baadaye.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote.

Mwaka 2019 nilikuwa natafsiri kijitabu cha wakulima kuhusu sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa mahindi. Si jambo la kuchezea. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 Ukambani, na wengi walikula mahindi waliyovuna wenyewe. Mhariri wangu alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, akikaa South B, mwenye Kiswahili ambacho nilikuwa nakisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Mimi nilimwita Mama, yeye aliniita mwanangu. Alikuwa akiandika masahihisho yake moja kwa moja ndani ya barua: maneno mapya kwa wino mwekundu, maneno aliyoyakataa akiyapiga mstari katikati.

Mimi sikuona wekundu wala mstari.

Barua nyingi hubeba maandishi mara mbili, mara moja yakiwa na mapambo na mara nyingine yakiwa matupu. Utaratibu huo, uitwao MIME, uliandikwa mwaka 1992 kwa nia njema, ili kila mpokeaji achukue anachoweza kusoma. Mutt yangu niliiambia ichukue matupu daima. Nilijivunia hilo. Nilikuwa hata nimemwandikia Mama mara mbili nikimwomba, kwa heshima lakini kwa msimamo, aache rangi na aandike maandishi ya kawaida. Alinijibu kwamba atajaribu. Lakini programu yake inapotengeneza nakala tupu huondoa rangi na huondoa mistari, na haiachi dalili yoyote kwamba palikuwa na kitu. Neno lililofutwa hurudi hai, likakaa sawa na yale yaliyolipindua.

Katika ukurasa wa nne palikuwa na aya ya zamani iliyosema mahindi yaliyoanza kuota ukungu yaoshwe, yakaushwe upya, kisha yahifadhiwe. Mama aliipiga mstari nzima. Chini yake akaandika aya mpya: mahindi yenye ukungu yasiliwe na mtu wala mfugo, kwa kuwa sumu hiyo haiondolewi kwa kuosha wala kwa kupika. Mimi nikaziona mbili, moja baada ya nyingine, zikipingana. Badala ya kuuliza, nilitumia ufundi wangu. Nikazipatanisha. Nikaweka "kama ukungu ni kidogo" mwanzoni mwa ya kwanza na "lakini ukungu ukiwa mwingi" mwanzoni mwa ya pili, na zikasomeka vizuri, laini, kama zimeandikwa na mtu mmoja. Nikatuma.

Mama alipiga simu Alhamisi jioni. Ijumaa kijitabu kilikuwa kinakwenda kwa mpiga chapa.

"Mwanangu, aya ya kwanza nilikufutia. Imerudije?"

Nikamwambia sikuona alipofuta.

"Nimeipiga mstari. Yote. Na hii 'kama ukungu ni kidogo' imetoka wapi?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za ploti, watoto wakicheza chini, na nilihisi magoti yakilegea. Maneno hayo yalikuwa yangu. Hayakuandikwa na mtaalamu wa kilimo, wala na Mama. Niliyabuni mimi ili sentensi zipatane, na yangesomwa na mtu mwenye gunia la mahindi mbele yake akiamua kama awapikie watoto.

"Nisamehe, Mama. Ni mimi."

"Nimeshakusamehe. Lakini niambie, unasoma barua zangu kwa kitu gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ana miaka sitini na moja, amezoea kalamu nyekundu tangu chuo cha ualimu, na kwamba alijaribu kuacha kama nilivyomwomba lakini mkono unarudi wenyewe. Akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: kwamba barua zangu mimi pia humtaabisha. Nilikuwa nakata mistari kwenye herufi 72, kama inavyofundishwa, na kwenye simu yake kila mstari ulivunjika mara mbili, mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Miaka miwili alikuwa akizisoma hivyo bila kulalamika.

Usiku ule niliitoa aya, tukapitia kijitabu chote kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka saa saba. Tulipata maneno mengine tisa yaliyofufuka. Hakuna lililokuwa la hatari kama lile, lakini tisa ni tisa.

Nilifikiria kuiacha programu. Nilikuwa na sababu zote za kuiacha. Lakini asubuhi, nilipokaa na kulitazama jambo lenyewe, niliona kwamba Mama hakukosea popote. Aliandika kwa ufasaha wa njia yake, nami ndiye niliyechagua chombo kisichoona nusu ya alichosema. Mtu akichagua kusoma kupitia tundu dogo, ni juu yake kuzungusha jicho mpaka aone chumba kizima. Kumtaka mwenye chumba asogeze viti vyake ndilo kosa nililokuwa nimelifanya kwa miaka.

Kwa hiyo nikaanza kuzungusha jicho. Kwa barua za wahariri, niliiambia Mutt ichukue yenye mapambo, si ile tupu. Kuna kanuni unayoweza kuiandika kwa mtumaji mmoja mmoja. Mapambo hayo huwa yanapitishwa kwenye w3m, kivinjari cha maandishi, ili yageuke maneno. Hapo kuna mtego mwingine: w3m huonyesha maandishi yaliyofutwa kama yamewekewa alama rasmi ya kufutwa, lakini programu nyingi za barua huchora mstari kwa mtindo wa mwonekano tu, na huo w3m haiujali. Binamu yangu anayesomea kompyuta alinisaidia kuandika mistari kama arobaini ya Python, lugha ya kuandikia programu, inayotangulia w3m. Kazi yake ni kutafuta kila mahali palipopigwa mstari na kila mahali penye rangi, na kuzungushia maneno yangu mwenyewe. Barua ya Mama sasa inanifikia hivi: [IMEFUTWA: yaoshwe na kukaushwa upya] [NYEKUNDU: yasiliwe]. Skrini haipendezi, lakini sijapitwa na sahihisho lake tena.

Na nikaacha kukata mistari. Kila aya ninayoandika sasa ni mstari mmoja mrefu, simu ya mpokeaji iukunje itakavyo. Kuna utaratibu rasmi wa kuiruhusu mistari ijikunje, lakini simu nyingi haziutii, kwa hiyo sikuutegemea. Mama aliniandikia wiki iliyofuata: "Leo umeandika kama watu."

Mengine niliyatatua haraka baada ya hapo, kwa kuwa nilikuwa nimeshajua mzigo ni wa nani. Mialiko ya mikutano huja kama faili ya kalenda. Nilipokuwa nikiifungua kwa macho tu, niliona T090000Z nikajua saa tatu asubuhi, nikanunua data, nikakaa mbele ya skrini tupu. Ile Z ya mwisho ni saa ya dunia, na Nairobi iko mbele kwa saa tatu; mkutano ulikuwa saa sita mchana. Sasa kifaili kidogo cha amri hunigeuzia. Kadi za harusi na za michango huja zikiwa picha tupu, hakuna hata neno moja ndani ya barua. Dada yangu aliwahi kuninunia kwa kukosa kikao cha kamati kilichotangazwa kwa picha. Hizo nazipitisha kwenye Tesseract, inayosoma maandishi ndani ya picha na inakijua Kiswahili, na inanitosha kwa tarehe na mahali. Mwaka 2022 wenye kuhifadhi barua zangu waliacha kupokea nywila ya kawaida kutoka kwa programu kama yangu. Nilifungiwa nje siku mbili mpaka nilipowasha uthibitisho wa hatua mbili na kupata nywila maalum ya herufi kumi na sita.

Kuna moja dogo ninalolipenda. Mutt inaweza kukuonya ukituma barua inayotaja kiambatisho bila kuambatisha chochote. Lakini neno inalolitafuta ni la Kiingereza, "attach". Mimi nikiandika "nimeambatisha" au "pokea faili" ilikuwa kimya. Nikaiandikia maneno yetu: ambatish, ambatan, kiambat, faili. Siku iliponizuia kwa mara ya kwanza kwa sababu ya neno la Kiswahili, nilifurahi kwa namna ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyefanya kazi hii.

Na ritifaa. Nikitafuta barua zenye ng'ombe, zile za cyber zina ritifaa iliyopinda, zangu zina iliyonyooka, na utafutaji wa kawaida hupata upande mmoja tu. Ninaweka nukta badala yake, ng.ombe, na nukta hukubali herufi yoyote. Zile za zamani zilizoharibika kabisa nilizisahihisha kwa mkono, jioni chache, nikirudisha ritifaa moja moja.

Mwezi uliopita stima ilipotea mtaani tangu magharibi. Kipakatalishi, cha pili sasa, kilikuwa na chaji ya saa tatu, foleni yangu ina barua nne zinazosubiri mtandao. Baba akapiga simu. Siku hizi haendi cyber; hutuma sauti kwa simu ya ndugu yangu. Alikuwa na mzozo na jirani kuhusu ndama, na mzozo ulirudi nyuma mpaka kwa mama wa ndama huyo, na mpaka kwa ng'ombe aliyenunuliwa miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyekumbuka mwaka wala bei.

"Niliwahi kukuandikia," akasema. "Lakini barua ya zamani hivyo utaipata wapi, na hapa nasikia mna giza?"

Nikaandika ng.ombe kwenye giza lile. Zikaja barua kumi na saba, zote za Baba, mstari kwa mstari. Nikafungua ya mwisho chini.

"Tarehe 12 Aprili 2014, Baba. Umeandika: 'Mwanangu, leo nimenunua ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji, kwa shilingi 38,000, mbele ya mzee wa mtaa.'"

Upande wa pili nilimsikia akimwita mtu aje karibu na simu.

"Soma tena," akasema. "Hapo kwenye bei. Pole pole."